Kura ya kijiji, hela ya mgodi na saa 48 za mkuu wa wilaya: Mwananchi wa Shinyanga na Geita ana nguvu gani?

Macho ya wengi bado yako kwenye Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 29, 2025, uliofuatiwa na vurugu na kuzimwa kwa intaneti. Lakini kwa mkazi wa Kakola, Nyarugusu, Mgusu au Mwakitolyo, kiongozi anayemgusa kila siku haishi Dodoma. Ni mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji na mtendaji.

Hao ndio wanaoandika barua ya utambulisho ukienda benki au polisi kumdhamini ndugu. Ndio wanaoitwa shamba linapopimwa kwa ajili ya fidia. Na ndio wanaokaa mezani hela ya mgodi inapojadiliwa.

Kwa hiyo swali la nani anawachagua, na nani anaruhusiwa kuwauliza, si la wanasiasa peke yao. Linagusa ardhi, maji, zahanati na mfuko wa mtu.

Karatasi inasema nini

Kwenye maandishi, mwananchi yuko vizuri. Ibara ya 5 ya Katiba inampa kila raia aliyefikisha miaka 18 haki ya kupiga kura. Ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni na wa kutafuta na kupokea habari. Ibara ya 21 inampa haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inakwenda mbali zaidi. Inasema mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, ndicho chombo cha juu kabisa katika mambo ya sera ya kijiji. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, iko chini yake.

Kwa lugha nyepesi: mwenyekiti anapokaa mbele na wananchi wanapokaa chini ya mti, kisheria bosi ni wale walio chini ya mti.

Tatizo linaanza pale mtu mmoja anaposimama na kulichukulia hilo kwa uzito.

Kwa nini ukanda wa dhahabu ni tofauti

Kijiji kisicho na mgodi kinaweza kugombana kuhusu mchango wa darasa. Vijiji vya Geita, Msalala na Kahama vinagombana kuhusu fedha kubwa zaidi.

Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yanamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, na kukubaliana nao na halmashauri. Halmashauri nayo ina wajibu wa kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi hiyo. Juu ya hapo kuna ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo. Geita, makubaliano ya mwaka 2018 kati ya mgodi wa GGM na halmashauri yalikuwa ya takriban Sh9.2 bilioni kwa mwaka.

Fedha za namna hiyo zikishuka kijijini kwa sura ya zahanati isiyokwisha au kisima kisichotoa maji, lazima mtu aulize. Na mara nyingi anayeuliza huambiwa ametumwa, ana ajenda yake, au ni mchochezi. Neno hilo la mwisho ndilo la hatari, maana linageuza swali la hesabu kuwa suala la usalama.

Saa 48

Hapo ndipo inapoingia Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Inawapa wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya mamlaka ya kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48.

Wengi wanaijua sheria hiyo kwa kuisikia mkutanoni: “Mkamateni huyo.” Wachache wanajua masharti yake. Kiongozi lazima awe na sababu ya kuamini kuwa mtu ametenda kosa la kukamatwa na kushtakiwa, au anaelekea kuvunja amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia. Lazima aandike sababu hizo. Na mtu huyo lazima afikishwe mahakamani ndani ya muda huo, au aachiwe.

Sheria yenyewe inasema kuitumia vibaya ni kosa la jinai. Kuuliza mapato na matumizi si kuvunja amani. Na mamlaka hayo ni ya mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya; sheria hiyo haimpi mtendaji wala mwenyekiti wa kijiji.

Hata ndani ya serikali jambo hili limeonekana lina kasoro. Tume ya kuangalia haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti yake Julai 2023, iligusa pia mamlaka hayo ya ukamataji na kutaka yabadilishwe.

Lakini kwa mkulima wa Msalala, saa 48 ni siku mbili za kulala selo, wanawe nyumbani, na kijiji kizima kikiona. Akitoka hana hatia, somo limeshafika kwa wengine: ukiuliza, utalala ndani. Hasara haiishii kwake. Kwenye mkutano unaofuata hakuna anayenyoosha mkono.

Mnyororo mmoja

Kwenye kura, shida ni ya aina nyingine. Uchaguzi wa vijiji, mitaa na vitongoji hausimamiwi na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Unasimamiwa na Tamisemi.

Msimamizi wa uchaguzi ni mkurugenzi wa halmashauri. Aliyeenguliwa akikata rufaa, anaipeleka kwenye kamati inayoongozwa na katibu tawala wa wilaya. Wote wawili ni watumishi wa serikali iliyopo madarakani. Fomu inatoka ofisi moja, inakataliwa na ofisi hiyo hiyo, na rufaa inasikilizwa jirani.

Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, Chadema ikajitoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Novemba 27, 2024 vyama vya upinzani vilishiriki, malalamiko ya kuenguliwa yakajirudia, na CCM ikatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 98 katika ngazi zote.

CCM na serikali wanasema takwimu hizo zinaonyesha imani ya wananchi, na kwamba wapinzani walikosea kujaza fomu. Inawezekana kabisa kwamba CCM ingeshinda vijiji vingi vya Usukumani bila msaada wa mtu. Lakini mahali ambapo jina moja tu limebaki kwenye karatasi, mpiga kura hakupewa nafasi ya kulithibitisha hilo.

Mwananchi mmoja mahakamani

Je, mtu wa kawaida anaweza kuukata mnyororo huo? Historia ya karibuni inajibu: anaweza kuutikisa.

Mwanaharakati Bob Chacha Wangwe alikuwa ametiwa hatiani mwaka 2017 chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao kwa andiko la Facebook. Baadaye Mahakama Kuu ikamfutia hatia. Pia alikwenda mahakamani kupinga wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi wa wabunge na rais. Mei 10, 2019 Mahakama Kuu ilikubaliana naye. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo.

Hakuishia hapo. Yeye na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) walikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Juni 13, 2023 mahakama hiyo iliona baadhi ya vifungu vya sheria ya uchaguzi vinakiuka haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi, ikataka virekebishwe.

Mlango wa Arusha sasa umefungwa kwa wananchi: Novemba 2019 Tanzania ilitangaza kuondoa ridhaa ya watu binafsi kushtaki huko moja kwa moja. Na marekebisho ya sheria ya 2020 yalimtaka anayefungua kesi ya haki za msingi aonyeshe jinsi alivyoathirika yeye mwenyewe.

Marekebisho hayo yaliwabana wanaharakati wa mjini. Lakini yalikuwa na upande wa pili ambao haukujadiliwa sana. Mkazi wa kijiji aliyewekwa ndani kwa kuuliza, au aliyekatwa jina lake, ni yule yule ambaye marekebisho hayo yalimtaka: aliyeathirika mwenyewe. Anachokosa ni nauli, wakili na ushahidi wa maandishi.

Amri ya mahakama nayo haitoshi

Ukanda huu una kumbukumbu chungu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu walipata zuio la Mahakama Kuu dhidi ya kuondolewa kwenye maduara yao. Waliondolewa hata hivyo. Madai kwamba wapo waliofukiwa mashimoni yalikanushwa na serikali na kampuni. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanasheria waliotaka uchunguzi huru, akiwemo Tundu Lissu, walijikuta na mashtaka ya uchochezi.

Somo la Bulyanhulu halikuwa kwamba mahakama haina maana. Ni kwamba karatasi ya mahakama inahitaji watu wanaoijua, walioishika nakala yake, na walio wengi.

Nguvu iko kila miezi mitatu

Uchaguzi ujao wa vijiji ni 2029. Ni mbali. Lakini mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Kabla ya 2029, hiyo ni mikutano zaidi ya kumi ambayo haihitaji chama, fomu wala kampeni.

Vijiji vingi haviiti mkutano huo, na wananchi hawaudai. Wanaume wako machimboni, wanawake wako shambani na gengeni, mtendaji anasema “akidi haikutimia”, yanaishia hapo.

Kuudai kunaanza na vitu vidogo. Barua ya kuomba mkutano iliyosainiwa na wakazi thelathini ni ngumu kuliko mtu mmoja anayepiga kelele, kwa sababu huwezi kuwaita watu thelathini wachochezi bila kuchekwa. Nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ni ushahidi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa kwa sheria ya 2017 hutoa msaada bila malipo.

Usukuma unajua nguvu ya wengi. Sungusungu ilianzia Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji walipochoka na wezi wa ng'ombe na kujipanga wenyewe. Walikuwa na makosa yao, tena makubwa. Watu walitengwa na kupigwa bila kusikilizwa. Lakini hawakuanza kwa kusubiri ruhusa ya kuwa na wasiwasi na mali yao.

Hela ya mgodi ni mali pia. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna haja ya upinde wala filimbi. Kinachohitajika ni daftari la mahudhurio, muhtasari wa kikao uliosainiwa, na mtu wa pili wa kunyoosha mkono baada ya wa kwanza kuambiwa akae chini.