Hesabu siku, usihesabu dalili

Poleni na foleni za maji, na wale ambao nyumba zao zinavuja, poleni na mvua.

Mwezi huu kwenye sanduku la maswali tulikuta vikaratasi vitatu vinavyouliza jambo moja. Hakuna aliyeandika jina, na ni sawa kabisa. Cha kwanza ni cha baba ambaye mke wake ni mjamzito. Usiku wa harusi, mtaa wa mbali, alilala na mwanamke asiyemfahamu. Anasema ni siku ya tano sasa, na kila jioni anatafuta sababu ya kuchelewa kurudi nyumbani. Cha pili kimeandikwa kwa penseli: "Mwalimu, ilikuwa mara moja tu. Mara moja inaweza?" Cha tatu ni cha kijana ambaye kondomu ilimpasukia. Anasema kila akiona kipele anajua ndiyo basi tena.

Wazee wetu, baba na mama zangu, mtanisamehe. Mimi ni mtoto wenu na haya mambo si rahisi kuyasema mbele ya wakubwa. Lakini tukinyamaza, watoto watafundishwa na kijiwe, na baba wa nyumba atatibiwa na muuza dawa wa sokoni.

Jarida letu linatoka mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo hawa watatu wakisoma hapa, siku zao za kwanza zimeshapita. Na siku hizo za kwanza zina thamani kubwa sana, kama mtakavyoona. Ndiyo maana leo sijibu wao tu. Nawaandikia wote, ili mjue kabla.

Mara moja inaweza?

Ndiyo, inaweza. Pia inaweza isiwe. Tendo moja linaweza kuambukiza na linaweza lisiambukize, na hakuna mtu anayeweza kujua kwa kujitazama kwenye kioo. Hofu nayo haipimi damu. Mtu mwenye hofu akiumwa kichwa anasema ni UKIMWI (wengine wetu nyumbani tulizoea kusema SIDA), kumbe ni malaria au usingizi mdogo. Mwingine hana hata kikohozi, anajisifu amepona, kumbe ana ugonjwa ndani.

Wanawake ndio wanaodanganyika zaidi na dalili. Klamidia na kisonono vinaweza kukaa kwa mwanamke bila kumwonyesha chochote, huku vinaharibu njia ya uzazi polepole. Kwa mwanamume, kisonono mara nyingi kinaonekana ndani ya wiki moja: anasikia moto akikojoa na usaha unatoka. Klamidia inachelewa, wiki moja hadi tatu, na wanaume wengi pia haiwaonyeshi kitu.

Kaswende ndiyo mjanja kuliko wote. Kidonda chake kinatokea kati ya siku 10 na 90, mara nyingi karibu na wiki ya tatu, na hakiumi. Baada ya wiki chache kinapona chenyewe. Mtu anafurahi, eti nimepona! Ugonjwa umeingia ndani tu. Na kwa mama mjamzito kaswende inaweza kumuua mtoto tumboni.

Kwa hiyo mimi kama mwalimu wa hesabu nasema: acheni kuhesabu dalili, hesabuni siku.

Siku tatu za kwanza

Kuna dawa za dharura za kuzuia virusi vya UKIMWI visishike mwilini. Wauguzi wanaziita PEP. Zinaanzwa ndani ya saa 72, yaani siku tatu. Saa za mwanzo ni bora kuliko siku ya tatu. Zinamezwa kila siku kwa siku 28, karibu sawa na mgao mmoja wa chakula hadi mwingine. Ukiacha katikati kwa sababu tumbo limevurugika, umejipunja mwenyewe. Rudi kwa muuguzi, atakusaidia.

Basi kama kondomu imepasuka Jumamosi usiku, usiseme nitakwenda Jumatano baada ya kuchota maji. Jumatano umeshachelewa. Nenda Jumapili hiyohiyo. Hospitali haifungi.

Mwanamke asiyetaka mimba aulize pia kidonge cha dharura. Hicho kinafanya kazi ndani ya siku tano, na kadiri unavyowahi ndivyo kinavyosaidia zaidi. Lakini kinazuia mimba tu, magonjwa hakizuii. Uliza pia chanjo ya homa ya ini B kama hukuchanjwa.

Na wewe dada au mama uliyelazimishwa kwa nguvu, njiani kwenye kuni au ndani ya nyumba, kosa si lako. Siku tatu hizi ni zako pia. Anza na matibabu. Mambo ya kushtaki utaamua baadaye, na kuna watu wa kukusindikiza.

Wiki zinazofuata

Siku tatu zimepita? Usikae nyumbani ukasema imekwisha. Nenda kliniki useme ukweli mmoja tu: "Nililala na mtu bila kinga, tarehe fulani." Huna haja ya kutaja ni nani wala ilikuwaje. Tarehe ndiyo inayomsaidia muuguzi kujua akupime nini leo na nini baadaye.

Kisonono, klamidia na kaswende vinatibika na kupona. Kaswende ya mapema inatibiwa kwa sindano ya penisilini. Lakini kila ugonjwa una dawa yake na kipimo chake. Zile kapsuli za rangi mbili anazouza jamaa sokoni, mbili asubuhi mbili jioni, zinaweza kukausha usaha huku wadudu wakibaki hai na kuizoea dawa. Kisonono kimeshazizoea dawa nyingi za zamani namna hiyo. Kunawa kwa sabuni kali au ndimu ndiyo mbaya zaidi, inachubua ngozi na kufungua mlango. Kukojoa haraka baada ya tendo nako si kinga.

Wapo vijana wanaosema, mimi nimetahiriwa, hainihusu. Utafiti wa Afrika Kusini, Kenya na Uganda, uliotoka kati ya mwaka 2005 na 2007, ulionyesha kuwa tohara inampunguzia mwanamume hatari ya kupata virusi kutoka kwa mwanamke kwa karibu asilimia 60. Kupunguza si kumaliza. Na mwanamke wako hakupewa asilimia hizo. Tohara uwe nayo, na kapoti uvae.

Miezi mitatu

Kipimo cha haraka cha virusi vya UKIMWI, kile cha tone la damu kidoleni, hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili unawatengeneza kupigana navyo. Askari hao wanachukua wiki kadhaa kujipanga. Ukipima siku ya tano, jibu linakuambia hali yako ya zamani, si ya juzi. Bado ni vizuri kupima, lakini lazima urudi. Ikifika miezi mitatu na jibu bado ni hapana, na hukujiweka tena hatarini, lala usingizi. Kama ulimeza PEP, muuguzi atakupangia tarehe za kurudi.

Hiyo ni migao mitatu ya chakula na kidogo. Weka alama kwenye kalenda. Katikati ya muda huo, kondomu kila mara au kujizuia.

Baba wa kikaratasi cha kwanza

Mzee wangu, sasa naongea na wewe. PEP imekupita, sitakudanganya. Lakini nyumbani kwako kuna watu wawili ambao bado unaweza kuwakinga: mama na huyo aliye tumboni. Mama akipata virusi akiwa mjamzito au akinyonyesha, hatari ya kumpitishia mtoto inakuwa kubwa sana, kwa sababu virusi vipya vinakuwa vingi mwilini. Ndiyo maana huwezi kurudi kitandani kama kawaida na kusema Mungu atajua.

Nenda kapime wiki hii. Kisha ongea na mke wako. Najua, ni rahisi mimi kuandika. Labda atalia, labda atakwenda kwa dada yake siku tatu. Lakini kuchelewa kurudi kila jioni nako ameshakuona, usifikiri hajui kitu. Kama mdomo unakataa kabisa, mwambie mshauri nasaha wa kliniki akusaidie. Wanandoa wanaweza kuitwa pamoja, wakakaa chini, wakaelezwa pamoja, wakapimwa pamoja. Mama mjamzito anatakiwa kupimwa virusi na kaswende kliniki hata kama ndoa yake ni ya amani, kwa hiyo mlango upo wazi.

Ukikutwa na kisonono au kaswende, mke naye atibiwe, na yule mwenzako wa harusini apate habari. Ukitibiwa peke yako ni kujaza maji kwenye dumu lililotoboka.

"Lakini wataniona"

Hili ndilo linalotushinda wengi. Kambi ni ndogo, anayeandika majina pale mapokezi tunasali naye, na nyumba zetu zinasikilizana hadi kikohozi. Sikieni basi. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 inaagiza majibu yako yawe siri. Mfanyakazi wa afya anayeyapeleka kijiweni anavunja sheria, awe mkimbizi au mwenyeji. Marekebisho ya mwaka 2019 yalishusha umri: kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila ruhusa ya mzazi, na mtu mzima anaweza kujipima mwenyewe. Uliza kliniki kama kipimo cha kujipima kipo. Kikionyesha una virusi, hakijamaliza, lazima kihakikishwe kliniki.

Wazazi, msome hapo bila kukasirika. Mtoto akiogopa kofi lako kuliko ugonjwa, ataficha mpaka siku tatu zipite. Msichana wa penseli, kama huna wa kumwambia, tafuta mwalimu au mama mmoja unayemwamini akusindikize. Kusindikizwa kunapunguza njia.

Na kama jibu ni ndiyo?

Zamani kusikia "unavyo" ilikuwa kama kusomewa msiba. Siku hizi dawa za kufubaza virusi zinatolewa bila malipo na zinaanzwa mapema, hata siku hiyohiyo. Mtu anayezimeza kila siku mpaka virusi vikafubaa visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Anazaa, anafundisha, anazeeka. Anayekufa siku hizi mara nyingi ni yule aliyejificha.

Hakuna anayeambukizwa kwa sahani, kwa kikombe au kwa kukaa benchi moja kwenye foleni.

Mjadili nyumbani

1. Kijana wetu akipata shida hii Jumamosi usiku, atamwambia nani hapa nyumbani?
2. Je, sisi baba na mama tumeshapima pamoja? Lini?
3. Nani hapa anajua njia ya hospitali usiku, na nani atasindikiza?

Kata kipande hiki ubandike nyuma ya mlango: *Siku 3, kimbilia PEP. Siku 5, kidonge cha kuzuia mimba. Wiki zinazofuata, kapime magonjwa ya zinaa. Miezi 3, rudia kipimo cha virusi.*

Mwezi ujao tutaongea kuhusu watoto wanaoacha shule kwa ajili ya kulinda nyumba siku za mgao. Sanduku lipo palepale mlangoni pa shule. Andikeni, hata kwa penseli, hata bila jina. Lakini kwa jambo la leo msiningoje mimi na jarida langu la kila mwezi. Kliniki ipo karibu.

Mbaki salama.