Mfarishi wa Usiku wa Baridi

Usiku wa Ndera, kwenye vilima vya mashariki ya mji wa Kigali, huwa na baridi. Wazee wa kale walijikinga kwa impuzu, nguo ya gome la mti wa umuvumu lililopondwa kwa nyundo za mbao mpaka likalainika. Blanketi la dukani lilipofika, impuzu ikaachwa. Waliolala utotoni watatu chini ya mfarishi mmoja, ulioshonwa na mama kwa nguo kuukuu, hawausahau uzito wake: wa katikati alistarehe, wa pembeni wakavutana hadi alfajiri. Mzazi ashonaye mfarishi kama huo na awafunike wakubwa tu. Mtoto mchanga ukimfika usoni hana nguvu za kuusukuma, naye aweza kukosa pumzi. Huyo avishwe fulana nzito na soksi.