Muziki Usio na Maneno na Mahakimu Wake

Miongoni mwa vijana wa Sugoi, na nadhani miongoni mwa vijana wa kila kijiji kinachotazama mataa ya Eldoret usiku, upo ubishi usiokwisha juu ya muziki uitwao hevi metali: ni bendi gani iliyotunga kipande bora kisicho na maneno? Kundi la kwanza la wabishi hutaja kipande chenye vidole vyepesi kuliko vyote. La pili hutaja kirefu kuliko vyote. La tatu, ambalo aghalabu ni la wazazi wa vijana hao, halisikilizi hata kimoja. Husema kelele zote hizo ni za Ibilisi, basi hapana haja ya kuchagua. Nathubutu kusema kwamba makundi yote matatu yanapotoka, na yanapotoka kwa jambo moja: yanahukumu muziki kwa kila kitu isipokuwa sikio.

Nitaanza na wazee, maana heshima huanza kwao. Hofu yao ina historia. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini Kenya, na wengi wa wazazi wetu walikua katika mazungumzo ya wakati ule. Sibishani nao juu ya nyimbo zenye maneno. Tusi ni tusi, liimbwe kwa gitaa au kwa kinanda cha kanisa. Lakini kipande kisicho na neno hata moja hukufuru kwa njia gani? Watanionyesha majina. Watataja "Transylvania" ya Iron Maiden, ya mwaka 1980, inayokumbusha nchi ya Dracula. Watataja "The Call of Ktulu" ya Metallica, ya mwaka 1984, ambayo jina lake limetoka katika hadithi za kutisha za H. P. Lovecraft. Ni kweli, lakini jina ni kibandiko juu ya chupa. Mwambie mzee yeyote kwamba kipande hicho cha pili chaitwa "Mvua za Machi", kisha mpigie bila ya kumwonyesha picha ya santuri. Atasikia matone ya kwanza juu ya bati, wingu likijikusanya, na ngurumo juu ya mashamba ya mahindi, wala hatamwona shetani hata mmoja. Mwaka 1999 kipande hicho hicho kilipigwa na Metallica pamoja na okestra ya San Francisco, watu waliozoea kazi za Beethoven, na mwaka 2001 kikatunukiwa tuzo ya Grammy.

Wala asidhani mtu kwamba ala zisizo na mwimbaji ni ugeni uliotujia jana. Huko Unguja, chama cha taarabu cha Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, kina desturi ya bashrafu: kipande cha ala tupu cha kufungulia tamasha, kilichofika kutoka kwa Waturuki kwa njia ya Misri. Kabla ya mwimbaji kutoa sauti yake, fidla na kanuni zimekwisha kusema. Karibu zaidi na Sugoi, tazama ndugu zetu Wakipsigis. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wakiimba, kwa kinubi chao, wimbo uitwao "Chemirocha". Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mpiga gitaa Mmarekani aliyekufa mwaka 1933, aliyewafikia kwa santuri na kubadilika katika ndimi zao. Kwa wasikilizaji wasiojua Kiingereza, maneno ya Rodgers yalikuwa nini ila sauti miongoni mwa sauti? Walimpenda kwa sikio tupu. Hao ndio mahakimu ninaowataka.

Sasa niwageukie vijana. Wanaohukumu kwa mbio humtaja Van Halen na "Eruption" ya mwaka 1978, na sina budi kukiri kwamba ni ajabu: mkono wa kulia waacha kazi yake ya kukwanyua nyuzi, waruka juu ya shingo ya gitaa kuzigonga, na sauti zamiminika kama mtama kutoka guniani. Lakini mbio hupimwa kwa saa. Sisi wa Uasin Gishu, tuliozungukwa na wanariadha, twapaswa kulijua hilo kuliko wengine: mkimbiaji ana utepe mbele yake, na mbio zake zina maana kwa sababu ya utepe. Je, mpiga gitaa anakwenda wapi? Kipande cha Van Halen kimeokoka kwa kuwa hakifiki dakika mbili. Kinashangaza, kisha kinanyamaza kabla ya mshangao kuchoka. Waigaji wake wengi walijifunza mbio, wasijifunze kunyamaza.

Wanaohukumu kwa urefu huleta "Suicide & Redemption" ya Metallica, ya mwaka 2008, inayokaribia dakika kumi. Ina mapigo mazuri, sikatai. Lakini chukua sehemu ya dakika ya saba uipeleke dakika ya tatu, uone kama kitu kitaharibika. Hakiharibiki. Hayo ni mawe mazuri yaliyopangwa uwanjani, si nyumba.

Nyumba ni "Orion", ya bendi hiyo hiyo, ya mwaka 1986. Sauti yatoka mbali, gitaa la besi limevishwa mvumo hata halitambulikani. Kisha ngoma, kisha magitaa yakiandamana kwa uzito. Katikati msafara wote wasimama. Besi peke yake yaanza mwendo mwingine, wa taratibu, kama mtu aliyekaa chini baada ya safari kukumbuka alikotoka, na magitaa yaja mmoja mmoja kumsikiliza na kumjibu. Ndipo uzito hurejea, lakini msikilizaji si yule wa mwanzo, na mapigo aliyoyasikia kama vita sasa ayasikia kama kuaga. Huwezi kuondoa sehemu moja bila ya nyingine kuanguka. Mpiga besi, Cliff Burton, alifariki mwaka huo huo katika ajali ya basi nchini Sweden, na kipande hicho kilipigwa mazikoni mwake. Ningekiweka cha kwanza hata kama angaliishi miaka tisini.

Cha pili naweka "Laguna Sunrise" ya Black Sabbath, ya mwaka 1972, nami najua watakaopiga kelele kwamba gitaa lisilo na umeme na fidla laini si hevi metali. Mpigaji ni Tony Iommi, ambaye mashine ya kiwandani huko Birmingham ilimkata ncha za vidole viwili mwaka 1965, na ambaye mapigo yake mazito ndiyo baba wa muziki huu wote. Akitaka kupiga taratibu, nani amzuie? "Transylvania" naiweka ya tatu: yapiga mbio vizuri, ila ina hali moja tu ya moyo. "To Live Is to Die" ya mwaka 1988 naitoa shindanoni kwa sababu karibu na mwisho mtu anasema maneno, na sharti ni sharti.

Nairobi nayo imekwisha kuingia uwanjani. Martin Khanja na Sam Karugu, waliojiita Duma, yaani giza kwa Kikuyu, walitoa santuri yao mwaka 2020 kwa kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Humo sauti ya mtu hulia na kukwaruza hata maneno yakayeyuka, na koo likawa ala kama ala nyingine. Kama kazi ya namna hiyo yaruhusiwa katika shindano letu au hairuhusiwi, mimi nasema yaruhusiwa. Anayepinga hukumu zangu na alete kipande chake, afiche jina, ageuze picha ukutani, azime saa, kisha atupigie tangu mwanzo hadi mwisho.