Wakongwe wa habari za siasa walindwe

Mwanahabari mkongwe wa siasa katika runinga ni hazina ya umma, na ajira yake haipaswi kutegemea hisia za wakubwa.

Safari ya mtangazaji Mtanzania Tido Mhando inatosha kuwa somo. Aliongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, akarejea nchini mwaka 2006 kusimamia utangazaji wa umma, lakini mkataba wake haukuongezwa baada ya uchaguzi wa 2010. Mwaka 2018 alifikishwa Mahakama ya Kisutu kwa mashtaka ya matumizi mabaya ya madaraka. Mwaka uliofuata akaachiwa huru. Kijana anayeyaona hayo hujifunza kunyamaza.

Hasara humwangukia mwananchi. Mfano ni Kariakoo, jijini Dar es Salaam: soko liliungua Julai 2021, wafanyabiashara wakagoma Mei 2023, ghorofa likaporomoka Novemba 2024. Kila mara viongozi walitoa ahadi mbele ya kamera. Wa kuzikumbuka na kuzidai hewani ni mwandishi mzoefu, si msomaji wa taarifa zilizoandaliwa na maofisa.

Wenye vituo wawape wakongwe mikataba ya uhakika na vipindi vya moja kwa moja. Wenye mamlaka nao wakubali kuhojiwa, tena waanze sasa.