Korosho Haiachi Kigae

Vijana wenzangu, leo nakuja na ugomvi. Nimechoka na Kilwa.

Kila nikifungua kurasa kama hizi nakutana na shairi jingine: jahazi linatia nanga, sultani kaketi Husuni Kubwa, sahani za kaure za Uchina zinameremeta, Ibn Battuta anashuka mwaka 1331 na kuusifu mji. Mazuri, sikatai. Mawili nimeyaandika mimi mwenyewe. Lakini mimi ni mtoto wa Newala, mama yangu mtu wa Masasi, na swali limenikaa kooni: katika biashara yote ile, sisi watu wa huku bara ya kusini tulikuwa tukifanya nini? Tumelala? Tunangoja kuletewa shanga?

Mwulize msomi wa mjini, atakwambia eti ushahidi uko pwani. Haya, tuuangalie huo ushahidi unavyopatikana.

Mwanaakiolojia haikuti biashara ardhini. Biashara ni tendo, lilishakwisha. Anakuta vitu, kisha anauliza: hiki kimetoka wapi, na kimefikaje hapa? Shanga ya kioo hupimwa madini yaliyomo, kwa kuwa kioo cha India kina mchanganyiko wake na cha Mashariki ya Kati kina wake. Kigae cha chungu huchunguzwa udongo na changarawe zake, ili ijulikane kilifinyangwa wapi. Sarafu ndiyo rahisi zaidi: sarafu ya shaba ya Kilwa yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Great Zimbabwe, zaidi ya kilometa elfu moja kutoka ilikotengenezwa. Baada ya hapo huja hesabu. Miaka ya 1960 Colin Renfrew na wenzake walifuatilia jiwe jeusi la kioo cha volkano huko Mashariki ya Kati. Wakaona kwamba kadiri unavyokwenda mbali na mlima wake, ndivyo vipande vinavyopungua, na kutokana na kupungua huko wakakisia jinsi jiwe lilivyopita kijiji hadi kijiji.

Kazi safi, siibezi. Lakini ina mtego: inahesabu kilichobaki. Na kinachobaki ni kigumu: kioo, kaure, shaba, udongo uliochomwa. Sasa taja mali iliyoteremka kutoka huku kwenda Kilwa, Lindi na Mikindani katika karne ya 19. Pembe za ndovu, nta, sandarusi, mpira, nafaka. Na watu. Kipi kati ya hivyo kinaacha kigae? Kama hakikuoza, kilipakiwa jahazini kikaenda zake.

Huniamini? Fanya jaribio. Newala ifukiwe leo, wachimbaji waje baada ya miaka mia tano. Watakuta bakuli za Uchina, vipuri vya pikipiki za India, chupa za plastiki chungu nzima. Korosho je? Shida tupu, maana nyingi huondoka ghafi, na ganda lake, zikabanguliwe India na Vietnam. Gunia limeoza. Stakabadhi ya ghala, mfumo ulioanza huku mwaka 2007, ni karatasi tu, chakula cha mchwa. Na yule baba aliyeuza kwa kangomba mwezi wa Februari, mkorosho haujatoa hata ua, kwa kipimo anachokitaka mnunuzi, kwa sababu watoto wana njaa? Hiyo nayo ni biashara, tena nzito, na hakuna jembe litakaloifukua. Bakuli aliyopimiwa wataikuta. Wataandika: wenyeji walipenda vyombo vya kigeni.

Ndivyo tulivyoandikwa. Neville Chittick alichimba Kilwa, na katika kitabu chake cha mwaka 1974 akauona mji ule kama mji wa kibiashara wa Kiislamu ambao asili yake ni ng'ambo. Vigae vya kienyeji alivikuta, tena vingi kupita kaure, lakini havikupewa usemi. Mwaka 1994 Felix Chami akaandika tasnifu yake juu ya pwani ya Tanzania, akavikalia vigae hivyo hivyo vya kawaida, vyenye michoro ya pembetatu, ambavyo vinafanana pwani na bara. Akasema: waliofinyanga hivi ni watu wa nchi hii, na biashara waliijua. Na pale pale Kilwa vimepatikana vigae vilivyotobolewa katikati, vya kusokotea uzi. Nguo imeoza, lakini kifaa kinasema nguo ilifumwa. Kumbe njia ipo! Ukikosa mali, tafuta kifaa cha kuitengenezea.

Ila kuna bidhaa moja ambayo haina kifaa cha namna hiyo. Mwaka 1876, miaka mitatu baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa, Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika Masasi na watu waliokombolewa utumwani. Wakakaa chini ya majabali yale, kwenye njia ya misafara. Yaani misheni ya Masasi ilianzishwa na watu waliowahi kuwa bidhaa. Na huku juu uwandani, pasipo na mto, watu walivumilia kiu vichakani ili wasije wakakamatwa. Shanga itapimwa ijulikane imetoka India. Mtu aliyetolewa kwa shanga hiyo hana maabara.

Yeye anakaa vinywani. Bibi yangu aliwahi kunitajia ukoo mmoja, akasema, "Wale walinunuliwa, mjukuu wangu, na usije ukaandika." Nimetii, ukoo siutaji. Lakini nilipomwuliza aliyewanunua ni nani, alinyamaza. Kimya kile nimekielewa, na tangu siku hiyo shairi la jahazi halinitoki tena.

Mwaka 1906 Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na Newala kwa miezi michache tu. Akarekodi nyimbo kwa fonografu, akaandika hatua kwa hatua jinsi wanawake walivyofinyanga vyungu, akaondoka na shehena ya vitu. Alikuja chini ya bendera ya kikoloni na hakutuandikia sisi. Lakini aliuliza. Sisi tunaolala nyumba moja na mabibi zetu tumeuliza nini?

Basi waandishi wenzangu, kabla hujaandika tena juu ya kaure, nenda kwa mzee mmoja. Mwulize chumvi ilitoka wapi na ilibadilishwa na nini. Maji ya bondeni yalipandishwa na nani, kwa mtungi wa udongo wa wapi. Njia ya kwenda Lindi ilipita kwa nani, na nani hakurudi. Akikataa kusema, andika kwamba amekataa. Mchimbaji atakuja siku moja na mwiko wake na brashi yake, na hayo hatayakuta ardhini.

Sultani wa Kilwa hana njaa ya mashairi. Mwenye kunipinga na aandike, nafasi ipo.