Mkuki wa Yego wadai mrithi

MOIBEN, katika Kaunti ya Uasin Gishu, ni nchi ya ngano, mahindi na mbio. Kijana mwenye kasi ya miguu huko hakosi wa kumwelekeza, kwani wakimbiaji waliotangulia wamo kila pembe ya eneo la Eldoret. Je, mwenye nguvu za mkono aelekee wapi?

Julius Yego, mzawa wa kaunti jirani ya Nandi, alilazimika kujitafutia jibu. Kwa kukosa mkufunzi wa kurusha mkuki, alitazama kwenye intaneti kanda za mabingwa kama Jan Železný na kuwaiga. Alishinda dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Maputo mwaka 2011, kisha akapata nafasi ya kufanya mazoezi Kuortane, Finland, chini ya mkufunzi halisi.

Matunda yalionekana upesi. Alifika fainali ya Olimpiki ya London 2012, akamaliza wa nne duniani mjini Moscow 2013 na kutwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Glasgow 2014. Mwaka 2015, mjini Beijing, mkuki wake ulitua mita 92.72, akawa Mkenya wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika michezo isiyo ya mbio.

Hata hivyo, mkono wenye nguvu huudai mwili mzima. Urushaji hutegemea mguu wa mbele, kiuno na mgongo, na kimojawapo kikiumia, umbali hupungua. Huko Rio 2016, Yego alipata fedha kwa mtupo wa kwanza wa mita 88.24, kisha jeraha la kifundo cha mguu likamzuia kuendelea. Mjini Tokyo 2021 hakuvuka mchujo. Alijikwamua kwa shaba ya Birmingham 2022, na akiwa na umri wa miaka 35 alimaliza wa tano Paris 2024 kwa mita 87.72.

Ustahimilivu huo wastahili sifa, lakini pia watufichua. Ikiwa bingwa wa 2015 ndiye bado tegemeo letu karibu mwongo mmoja baadaye, basi taifa lilishangilia mtu bila kujenga mchezo. Mkuki, mkufunzi na tabibu wa viungo si anasa. Chama cha Riadha na serikali za kaunti zikivifikisha shuleni, kijana wa Moiben hatalazimika kutafuta mwalimu wake kwenye kioo cha kompyuta.