Msaliti gani huyu aliyeuzwa?

Wadau, najua wengi wetu hapa ni watu wa soka, ila leo nivumilieni kidogo niwapeleke kwenye hoki ya barafu kule Marekani. Kuna ubishi wa mashabiki wa Colorado Avalanche, timu ya mji wa Denver, ambao naona upande mmoja unamwonea mtu.

Mtu mwenyewe ni Mikko Rantanen, raia wa Finland. Avalanche walimchukua mwaka 2015 akiwa kijana wa miaka 18, wakamlea, na mwaka 2022 akawasaidia kubeba Kombe la Stanley. Halafu Mei 3, 2025, akiwa ndani ya jezi ya Dallas Stars, akawafungisha virago hao hao Avalanche kwenye raundi ya kwanza ya mtoano. Ilikuwa mechi ya saba, timu zimeshinda tatu tatu, anayefungwa anakwenda likizo. Colorado wakapata bao la pili kabla kipindi cha tatu, ambacho ndicho cha mwisho, hakijatimiza hata dakika moja. 2-0. Watu wa Denver wameshaanza kupumua. Ndani ya kipindi hicho hicho jamaa akatupia matatu peke yake, na katikati akatoa pasi ya bao la Wyatt Johnston lililowaweka Dallas mbele. Mpira ukaisha 4-2 (samahani, hoki hawachezi mpira, wanachezea kisahani, ila mmenielewa). Katika historia yote ya ligi ya NHL hakuna aliyewahi kufunga mabao matatu kipindi cha tatu cha mechi ya saba. Yeye wa kwanza, na waliofungwa ni waliomlea.

Basi neno likawa msaliti. Hebu tulitazame hilo neno.

Kwenye soka tumezoea kwamba klabu mbili zikikubaliana bei, bado mchezaji akae mezani akubali na yeye. NHL sivyo. Klabu inayoshika mkataba wako inaweza kukubadilisha na mchezaji wa timu nyingine, na kama mkataba hauna kipengele cha kuzuia, unapigiwa simu tu ufungashe. Ndicho kilichompata Rantanen Januari 24, 2025. Alikuwa na pointi 64 katika mechi 49, yaani yuko moto kweli kweli, akapelekwa Carolina Hurricanes. Colorado wakapewa Martin Necas, Jack Drury na haki za kuchagua vijana. Huko Carolina alicheza mechi 13 akafunga mabao mawili, mambo yakawa hayaendi, na Machi 7 akahamishiwa Dallas, ambako alisaini miaka minane kwa dola milioni 96.

Hapo ndipo wabishi wanaposimama. Wanasema: sawa, safari ya kwanza aliuzwa, lakini ya pili aliweka saini kwa mkono wake, tena kwa mahasimu wetu wa kundi moja! Hoja ina uzito, siitupi. Ila na mimi nauliza, mtu umemtolea vyombo vyake nje, unataka umchagulie na mtaa wa kwenda kupanga?

Kama wanatafuta wa kumkasirikia, wangeanza na Matt Duchene. Huyo Colorado walimchukua mwaka 2009, mwenyewe akaomba kuondoka, wakamwachia Novemba 2017. Mei 2024, akiwa Dallas hiyo hiyo, aliwafunga bao la kuwatoa kwenye mtoano, muda wa nyongeza wa pili, tena uwanjani kwao Denver. Kwa hiyo miaka miwili mfululizo wametolewa na timu ile ile, na kila mara muuaji ni mtoto wao wa zamani. Naelewa inavyouma. Lakini mmoja aliomba kutoka na mwingine aliambiwa atoke. Kuwaweka kapu moja ni uvivu.

Nirudi kwa viongozi, maana na wao wasionewe. NHL ina ukomo wa jumla ya mishahara, hakuna klabu inayoruhusiwa kuuvuka hivi hivi kwa sababu ina tajiri. Nathan MacKinnon tayari anachukua milioni 12.6 kwa mwaka. Mkataba wa Cale Makar ulikuwa wa kuisha 2027, na kila mtu alijua bei yake itapanda. Rantanen mwenyewe mkataba ulikuwa unaishia 2025, angeweza kuondoka Julai na Colorado wasiambulie hata senti. Kumbadilisha mapema ilikuwa hesabu, na kwenye karatasi ilikuwa na akili.

Kasoro imekuja kuonekana baadaye. Oktoba 2025 Avalanche wakampa Necas, yule waliyemchukua kwa Rantanen, miaka minane kwa dola milioni 92. Gawanya wewe mwenyewe: milioni 11.5 kwa mwaka, wakati Rantanen Dallas analipwa 12. Tofauti laki tano! Ni kweli Texas hakuna kodi ya mapato ya jimbo na Colorado ipo, kwa hiyo milioni 12 ya Dallas ni nene kuliko ya Denver, na pengine nyumbani angetaka zaidi. Necas naye ni mchezaji mzuri, ana mbio. Lakini mashabiki waliambiwa kimya kimya kwamba Rantanen ni ghali, kisha wakaona karibu pesa ile ile ikitoka kwa mtu ambaye hajawahi kuwaletea kombe. Hasira hiyo ina anwani yake, na ipo ghorofani ofisini.

Ningekuwa na tiketi ya Denver, Rantanen akija ningemzomea kila akigusa kisahani. Ni mtoano bwana, hata ndugu yako unamzomea. Msaliti nisingemwita. Nyie mnasemaje?